Mfupa wa Kupandikiza: Unatoka Wapi, Una Usalama Gani?

Mtu ameanguka na bodaboda, mfupa wa muundi umevunjika vibaya, miezi imepita na bado haujaunga. Daktari anasema utapandikizwa mfupa. Usikimbie, sikiliza kwanza.

Mara nyingi mfupa huo ni wako mwenyewe. Daktari huuchota kwenye ukingo wa nyonga na kuujaza penye pengo. Una chembe hai, mwili haukatai, wala hauleti ugonjwa wa mtu mwingine. Utapata kidonda cha pili, na nyonga yaweza kuuma kwa wiki kadhaa. Kwangu mimi hiyo ni bei ndogo kwa mguu utakaokanyaga tena.

Ipo pia mifupa ya watu waliofariki. Hiyo lazima ipimwe Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Mwaka 2021, huko Marekani, wagonjwa zaidi ya 100 waliwekewa bidhaa ya mfupa wa marehemu yenye vijidudu vya kifua kikuu, na baadhi yao walifariki. Aina nyingine ya mfupa wa kupandikiza hutengenezwa kiwandani kwa madini ya kalsiamu.

Kwa hiyo ukifika hospitali ya Haydom, au ukipewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, uliza: mfupa huu unatoka wapi, umepimwaje? Taja kisukari kama unacho. Na sigara, ndugu yangu, iache mapema, huchelewesha mfupa kuunga. Ukiona usaha au ukipata homa baada ya upasuaji, rudi hospitali siku hiyohiyo.