Mgonjwa wa Kwetu Aliye Gerezani



Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo vikundi vyetu hulikwepa. Mtu wa kijiji amefungwa, halafu habari zinakuja kwamba anaugua sana. Ni kansa, ama figo, ama kifua kikuu. Wengi husema, "Hiyo ni kazi ya Serikali." Sawa, lakini Serikali haijui nyumbani kuna nani wa kumpokea. Sisi ndio tunajua.

Sheria imeacha njia. Katiba ya 2010, Kifungu cha 133, inampa Rais uwezo wa kumsamehe mfungwa ama kumpunguzia adhabu, akishauriwa na kamati ambayo Mwanasheria Mkuu yumo. Sikieni hapa vizuri: ombi laweza kuletwa na mtu yeyote. Si lazima wakili. Mama mzazi aweza, na hata mwenyekiti wa kikundi aweza. Tena Sheria ya Magereza inataja ugonjwa wa kudumu kuwa sababu mojawapo ya mfungwa kupunguziwa siku zaidi. Kwa hiyo mwoneni kwanza mkuu wa gereza, mwulize daktari amesema nini. Bila maandishi ya daktari, barua yenu ni machozi tu.

Yule wa rimandi ni mambo mengine. Hajahukumiwa, basi hakuna cha kusamehewa. Huyo aombewe kortini, hakimu aangalie tena dhamana kwa sababu ya ugonjwa.

Barua iwe fupi. Andikeni jina lake, namba yake ya gereza, kosa, kifungo na mwaka alioanza, na ugonjwa. Kisha andikeni yale ambayo wengi husahau: atalala nyumba ya nani, nani atampikia, na dispensari iko umbali gani. Msiahidi msichoweza. Kama hakuna godoro, afadhali mlitafute kabla ya kuandika.

Sasa tufike penye uzito. Katiba inairuhusu kamati kusikiliza maoni ya waliotendewa kosa. Na huyo aliyetendewa pengine ni mwanachama wetu, ameketi benchi hili hili. Pengine aliibiwa ng'ombe wote, ama alizikiwa mtoto. Tafadhali, msimpelekee karatasi atie sahihi mbele ya watu. Atumwe mzee mmoja anayeheshimiwa, amsikilize mpaka amalize. Akisema hapana, asisengenywe kisimani. Ombi linaweza kuendelea bila sahihi yake, lakini mgonjwa akirudi usiku bila yeye kuambiwa, mtakuwa mmemwumiza mara ya pili.

Akiachiliwa, msitoke langoni kabla hamjapata barua ya matibabu na dawa za kumfikisha kliniki. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi 6 bila kukatiza, na wengine hupotea katikati kwa sababu hakuna aliyeulizia kadi. Nauli ya kumleta mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye matatu ni kubwa, na vikundi vingine huitoa kwenye mfuko wa mazishi. Sisi twaona ni afadhali itolewe angali hai.

Basi tuchukue maswali. Tuanze na akina mama wa nyuma, ambao wameinua mikono tangu zamani.