KUSANYIKO LA WAZEE SIKU YA ALHAMISI

Maneno haya tuliyanena mbele ya walimu, wenyeviti wa vijiji na wazee wa kanisa katika wilaya moja ya Usukuma. Tumeombwa tuyatoe hapa, nasi twayatoa karibu kama tulivyoyanena.



Twasema juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo. Kila Alhamisi, saa nne ya asubuhi, kanisani kwetu hukutana wazee, waume kwa wake, watu waliokwisha kutimiza miaka 60, ambayo ndiyo miaka inayotajwa katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Huimba, husomewa Neno, huombeana, hunywa uji, kisha huketi wakizungumza hata jua lifike utosini. Mtu apitaye njiani akiwaona husema, "Wazee wanapumzika." Hakukosea. Lakini sisi tulio katika kazi hiyo tumejifunza kwamba iliyo kubwa hufanyika kabla ya wimbo wa kwanza, wakati majina yanapoitwa.

Tulipoanza hatukuwa na daftari. Tulidhani kuitana majina ni jambo la watoto wa shule, nasi tuliona haya kuwafanyia hivyo watu wazima. Aliyekuja alikuja, asiyekuja tulisema labda ana mgeni, labda mto umejaa. Ikatokea bibi mmoja, mjane, akakosa Alhamisi mbili, wala hapana aliyekwenda kumtazama. Alhamisi ya tatu mwenzake aliyezoea kuketi naye katika ubao mmoja akasimama katikati ya maombi akasema, "Twawaombea wasafiri walio mbali, na huyu aliye ng'ambo ya kijito hatujui kama yu hai." Maombi yakaishia hapo.

Tulikwenda siku ile ile. Tulimkuta mzima wa mwili, lakini mlango wake umefungwa mchana. Katika nyumba ya jirani alikufa mtoto kwa homa, na baada ya matanga watu wakaenda kwa mpiga ramli; tangu hapo wale waliokuwa wakimwamkia kila asubuhi wakawa wanapita kando. Naye macho yake yalikuwa mekundu. Ninyi mliozaliwa huku mwajua maana ya maneno hayo, wala hatuna haja ya kuyakuza.

Ila kwa ajili ya walimu waliotoka mikoa mingine yatupasa kueleza. Katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, wazee wengi, na zaidi wanawake, waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Sasa tutazame macho hayo yatoka wapi. Miti imekwisha katika sehemu nyingi za nchi yetu. Mwanamke hupikia samadi kavu na vijiti vya pamba, tena aghalabu ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Aketiye katika moshi huo miaka 50, macho yake yatakuwaje? Tena yako mavumbi, na uko ugonjwa wa vikope, ambao usipotibiwa hugeuza kope zikaingia ndani na kulikwaruza jicho mpaka likapofuka. Mambo hayo yana dawa na kinga zake: jiko lenye bomba la kutolea moshi, maji ya kunawa uso, dawa ya zahanati. Na mtoto wa jicho huondolewa kwa kupasuliwa hospitali. Mtafute mchawi humo, hamtamwona.

Tena tumeona jambo moja katika habari za ramli. Mpiga ramli hamtaji mama mwenye wana watano wakubwa walioketi mlangoni pake. Humtaja asiye na wa kumwulizia. Kwa hiyo upweke wa mzee si huzuni tu ya kuonewa huruma, ni hatari. Na mtu huwa peke yake kidogo kidogo, Alhamisi moja, kisha ya pili, mpaka watu wamezoea kutomwona.

Basi Alhamisi iliyofuata hatukukutana kanisani. Tulikwenda sote, wenye mikongojo na wenye kushikwa mkono, tukaketi uani kwa bibi yule, tukaimba, tukapika uji pale pale kwa kuni tulizokwenda nazo. Tukampelekea salamu jirani aliyefiwa, aje. Hakuja. Alhamisi ya pili tukaenda tena. Hakuja, ila mkewe alikuja akasimama penye ua, hakuingia. Alhamisi ya tatu yule mama akaketi. Ndipo mzee mmoja, tena si msemaji, akasimulia jinsi macho ya mama yake mzazi yalivyokuwa mekundu vile vile, "naye," akasema, "hakuwa mchawi, alikuwa mpishi, tena mpishi mbaya." Watu wakacheka, na yule mama aliyefiwa akacheka, kisha akalia sana, na bibi yule ndiye aliyemshika.

Hatusemi kwamba maneno yote yalikwisha siku ile. Wako waliosema kanisa linamficha mchawi, nasi tulitukanwa sokoni. Lakini mwenyekiti wa kitongoji alianza kupita nyumbani kwa bibi kila jioni, akiwasalimu watu kwa sauti ya kusikika, na jambo hilo lilisaidia kuliko mahubiri yetu.

Tangu hapo tuna daftari, na mwalimu mstaafu ndiye aliandikaye. Akikosa mtu mara moja, mwenzake wa karibu hupita kwake kabla ya jua kuchwa. Akikosa mara ya pili, twaenda watatu. Hatuna sheria nyingine.

Mmetuuliza juu ya asiye wa kanisa. Tunao Waislamu wawili, na babu mmoja ambaye hajapata kuingia kanisani ila kwa uji, kama asemavyo mwenyewe. Majina yao yameandikwa kama mengine, nao wakikosa hutafutwa kama wengine.

Wanaume ndio wagumu kuja. Husema ni mambo ya wanawake, hubaki chini ya mwembe na bao lao. Tulipoleta bao uani mwa kanisa walikuja wanne. Mahubiri nayo na yawe mafupi: mwinjilisti mmoja kijana alihubiri karibu saa nzima, na alipomaliza waliokuwa macho walikuwa yeye na wajukuu.

Wajukuu hao tulitaka kuwazuia kwa sababu ya kelele. Tulikosea. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa katika nchi yetu, huko Kagera mwaka 1983, wazee wengi wamezika watoto wao na kulea wajukuu. Ukimwambia bibi aje bila mtoto, umemwambia asije.

Sasa tuna maombi. Ninyi wenyeviti, twawaomba msiite mikutano ya kijiji Alhamisi asubuhi. Na mkisikia jina la mzee linatajwa kwa kunong'ona, msingoje mashtaka, nendeni mkaketi kwake mchana watu wakiwaona. Ninyi walimu, tupeni wanafunzi wawili kila Alhamisi baada ya masomo, wenye mwandiko mzuri, wawaandikie wazee barua kwa watoto wao walio mijini. Na yeyote mwenye fundi, tunahitaji mabao ya kukalia yenye egemeo, maana yaliyopo yanawaumiza migongo.

Yule bibi wa ng'ambo ya kijito yumo daftarini hata leo, na jiko lake lina bomba. Alhamisi iliyopita majina matano hayakuitika. Wanne udhuru wao ulijulikana. Wa tano hakuna aliyejua habari zake, nasi tulipotoka kanisani tulimwona bibi huyo, na mjukuu wa mtu akimwongoza, amekwisha kushika njia ya kwenda kumtazama.