Vuta Panapovutwa



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu. Ramadhani iliyopita nilitangulizwa kuswalisha tarawehe. Nikasoma Suratut Takaathur mpaka aya ya 8, kwenye neno latus'alunna, yaani kwa hakika mtaulizwa. Labda sauti yangu ilinipendeza, nikaivuta ile la ikawa laa. Baada ya swala mzee mmoja akaniita pembeni. "Mwanangu, leo umetuondolea hesabu." Kwani laa ni ya kukanusha: hamtaulizwa!

Sisi Waswahili hatuna udhuru hapa, kwani twajua kufa si kufaa. Lakini ulimi wetu una mazoea yake. Hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukishika Mas-hafu twaenda nayo hivyo hivyo. Neno aamanuu lina mvuto mwanzo na mwisho; wengi wetu twasema amaanu. Tumevuta pasipovutwa, na panapovutwa tumekata.

Herufi za madd ni 3: alif baada ya fat-ha, waw yenye sukuni baada ya dhamma, na ya yenye sukuni baada ya kasra. Ikiwa baada yake hakuna hamza wala sukuni, vuta harakati 2, basi. Harakati moja ni kadiri ya kukunja kidole, bila haraka wala kuchelewa. Hamza ikifuata katika neno hilohilo, kama jaa'a, kwa riwaya ya Hafs iliyozoeleka kwetu utavuta 4 au 5.

Sasa tazama neno la mwisho la Alhamdu, waladh-dhaalliin. Alif yake imefuatwa na lamu yenye shadda. Hiyo ni madd lazim, harakati 6, haina hiari. Ile ya ya mwisho, ukisimama, una hiari: 2, 4 au 6. Katika tarawehe za mwendo wa matatu, zile 6 za lazima ndizo za kwanza kuliwa.

Anas bin Malik (r.a.) aliulizwa kisomo cha Mtume (s.a.w.) kilikuwaje. Akajibu kuwa kilikuwa cha kuvuta, kisha akasoma Bismillahi akivuta Allah, akivuta Rahmaan, akivuta Rahiim. Imepokewa na Bukhari.

Leo baada ya futari, mmoja nyumbani asome Alhamdu, wengine wahesabu kwa vidole. Na msishangae nyanya akiwashinda.

Wabillahi tawfiq.