MWALIMU SI MKALIMANI: TUSIMAMIE PAMOJA MAFUNZO YA WALIMU WAKIMBIZI

(Hotuba ya katibu wa elimu wa Kamati ya Jamii, iliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi katika Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba)



Nimeombwa niseme juu ya elimu ya walimu. Nitaanza na habari yangu mwenyewe, kwa kuwa wengi hapa mnayo kama hiyo. Kongo nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 9. Diploma yangu ya serikali, ile tunayoiita D6, niliikimbia nayo ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya nguo za watoto. Nilipofika Uganda niliipeleka shuleni. Mwalimu mkuu aliigeuza mbele na nyuma, akaniambia kwa upole kwamba imeandikwa Kifaransa, na kwamba mimi simo katika daftari la walimu wa nchi hii. Nikapewa kazi ya msaidizi wa darasa. Mwalimu anasema, mimi natafsiri. Sipangi somo, wala sisahihishi mtihani.

Simlaumu mwalimu mkuu yule. Alifuata sheria. Lakini tumtazame mtoto. Katika shule za msingi za Uganda, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya mahali, na kuanzia la nne Kiingereza hushika nafasi. Mtoto wetu wa Kiswahili anakutana na lugha mbili ngeni kabla hajajua kusoma vizuri. Mtu anayeweza kumsaidia yumo mlemle darasani, amesomea ualimu, lakini amewekwa pembeni. Hasara hiyo si yangu peke yangu.

Ndugu zangu, tufanye hesabu. Mwalimu wa Uganda mwenye cheti cha Daraja la Tatu alisoma msingi miaka 7, sekondari miaka 4 na chuo miaka 2. Jumla ni 13. Wengi wetu wa D6 tulisoma msingi miaka 6 na sekondari ya ualimu miaka 6. Jumla ni 12. Baina yetu kuna mwaka mmoja, lugha na mtaala. Hilo ni pengo la kweli, na hatusemi lifumbiwe macho. Lakini ni pengo la kujengewa daraja, si sababu ya kumrudisha mtu mwanzo kana kwamba hajapata kushika chaki.

Sasa niseme ukweli ambao hautatufurahisha. Tumelalamika miaka mingi, lakini kulalamika si kutetea. Wakati fulani tuliandika barua yenye madai 14. Humo mlikuwa na mishahara, sabuni, madawati, vyoo, na katikati yake mafunzo ya walimu. Tukaipeleka ofisi ambayo haina mamlaka juu ya ualimu. Ilipigwa muhuri wa kupokelewa, tukarudi nyumbani tumefurahi. Jibu halikuja. Kosa lilikuwa letu pia.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza tuende kwa utaratibu huu.

Kwanza, tujihesabu. Ofisi haiwezi kupanga mafunzo ya watu isiowajua. Tuandike daftari la walimu kijiji kwa kijiji: aliyesomea ualimu, kiwango chake, miaka aliyofundisha, lugha anazojua, na kama vyeti anavyo. Aliyepoteza vyeti njiani asiachwe nje. Waliofundisha naye watoe ushahidi, uandikwe. Na akina mama walimu waandikwe wote, hata wale walioacha kufundisha kwa sababu hawana wa kuwaachia watoto.

Pili, tuwe na dai moja. Dai letu liwe hili: mwalimu mkimbizi apimwe, asomeshwe Kiingereza na mtaala wa Uganda bila kulazimika kuhama kambi, kisha asajiliwe. Mambo mengine ni ya haki, lakini yana siku yake.

Tatu, tujue mlango wa kubisha. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo inayosimamia mambo ya wakimbizi, na Kamanda wetu ametusaidia mara nyingi. Anaweza kutupa ukumbi, lakini hawezi kutupa namba ya ualimu. Hiyo hutoka Wizara ya Elimu na Michezo. Hoja yetu ianzie RWC, ipite kwa wawakilishi wetu wanaokutana na serikali, ifike Wizarani, na kila hatua tubaki na nakala.

Nne, tusiende peke yetu. Shule zetu zina watoto wa wenyeji na wa wakimbizi kwenye benchi moja. Darasa likijaa, linamlemea mwalimu Mganda sawa na sisi. Tuwaombe walimu wenyeji na chama chao, UNATU, wasimame nasi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tano, anayetumwa alete taarifa. Akienda mkutanoni, arudi hapa aseme alichosema na alichojibiwa, hata kama jibu ni hapana.

Tunapokwenda, hatuendi kuomba sadaka. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 22, unataja kutambuliwa kwa vyeti na diploma za nje. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inalitaja jambo hilo. Mwezi wa Desemba 2017, huko Djibouti, nchi za IGAD, Uganda ikiwamo, ziliahidi kuingiza elimu ya wakimbizi katika mipango yao ya taifa. Mwaka 2018 Uganda ikatoa mpango wake wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji wao. Maneno mazuri yamekwisha kuandikwa. Kazi yetu ni kuyakumbusha kwa adabu, tena na tena.

Najua wengine mtauliza juu ya Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019, inayotaka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na digrii. Mtasema ngazi imepandishwa kabla hatujaikanyaga. Mimi naona nafasi humo. Walimu wenyeji wenye vyeti vya chini nao wanatakiwa kurudi masomoni. Njia mpya inapochimbwa, ni rahisi kuomba ipitie kambini kuliko kudai ichimbwe nyingine kwa ajili yetu tu. Tukichelewa, itapita mbali.

Wala jambo hili si ndoto. Katika kambi za Dadaab, Kenya, kuanzia mwaka 2013, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi pamoja na vyuo vya Kanada vilifundisha walimu wakimbizi karibu na makwao, na wakapata vyeti vya vyuo hivyo. Walikuwa watu wa mahema kama sisi.

Wageni wetu wa mashirika, tunawashukuru kwa semina zenu. Lakini nina vyeti vya mahudhurio 11 nyumbani, na vyote pamoja havijanipandisha hata ngazi moja. Tunawaomba mkae pamoja, semina zenu ziunganishwe ziwe masomo yanayohesabiwa na chuo cha ualimu kinachotambuliwa na serikali. Fedha ileile itafanya kazi kubwa zaidi.

Wazazi, siku moja tutarudi kwetu, au tutaendelea kuishi hapa. Popote tutakapokuwa, mtoto atahitaji mwalimu aliyefundishwa. Uandikishaji unaanza Jumatatu saa 3 asubuhi, ofisini kwa Kamati. Njooni na karatasi zenu, hata zilizoloa mvua. Yangu itakuwa ya kwanza mezani.