Kabla ya Kulipa Kodi, Fungua Dirisha

Vijana wenzangu, wengi wenu mmepanga mageto karibu na shule. Leo tuongee jambo moja tu: hewa ya chumbani.

Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, wala haina harufu. Ndani ya chumba kilichofungwa, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Ukiwa usingizini, unaweza usiamke tena. Eti mkaa umeshakuwa mwekundu, moshi hakuna, basi ni salama? Si kweli!

Mwenye nyumba anahusikaje? Anapokea kodi, kwa hiyo akupe dirisha linalofunguka, na sehemu ya kupikia nje yenye paa, ili mvua isikurudishe ndani na jiko. Limezibwa? Mwombe mzazi au mwalimu akazungumze naye. Usione aibu.

Na wewe timiza wajibu wako: usiingize jiko ndani ili upate joto, hata kama limebaki na makaa machache. Mwenzako akizidiwa, fungua mlango, mtoe nje, mkimbize hospitali.

Haya, nani ana swali?