Baada ya Uzinduzi: Wajitoleaji na Utunzaji wa Programu Huria



Mwishoni mwa Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund alikuwa akipima utendaji wa PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo yeye ni mmoja wa waandishi wake. Akagundua kwamba kila anapoingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kwa njia ya SSH, itumikayo kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kuingia kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na prosesa inahangaika kuliko kawaida. Wengi wetu tungepuuza. Yeye akafuatilia hatua kwa hatua hadi akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo huja na karibu kila mfumo wa Linux. Ndani ya matoleo yake mawili mapya, 5.6.0 na 5.6.1, alikuta mlango wa siri. Aliyekuwa na ufunguo wake angeweza kuendesha amri kwenye seva za watu bila wao kujua. Tarehe 29 Machi Freund alitangaza hadharani. Debian na Fedora, miradi inayosambaza mifumo ya Linux, walikuwa wameshayaingiza matoleo hayo kwenye matawi yao ya majaribio, lakini yalikuwa hayajafika kwenye seva nyingi za hospitali, benki na vyuo.

Mlango huo aliuweka mmoja wa watunzaji wa xz yenyewe. Alijiita Jia Tan, na hadi leo haijathibitishwa ni nani aliyekuwa nyuma ya jina hilo. Alianza kuleta michango yake mwaka 2021, michango mizuri tu, na kwa zaidi ya miaka miwili akajenga imani. Wakati huohuo watu wasiofahamika walikuwa wakimwandikia mtunzaji wa asili, aliyeilea programu ile kwa miaka mingi karibu peke yake, wakimlaumu kwamba ni mzito na kumshinikiza akabidhi kazi kwa wengine. Yeye alikuwa ameshasema wazi kwamba kazi ile haina malipo, kwamba anaifanya kwa kuipenda, na kwamba nguvu zimempungukia. Hakuna kampuni kubwa, kati ya zote zilizokuwa zikiitegemea programu yake kila siku, iliyotangulia kumshika mkono.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia kujitolea katika programu huria huwa tunataja zaidi siku za furaha: uzinduzi, picha ya pamoja, fulana. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kujitolea yenye thamani kubwa huanza uzinduzi ukishapita, na huko ndiko harakati hii inakotuhitaji sana sisi wazungumzaji wa Kiswahili.

Haki na kazi inayozilinda

Historia ya programu huria wengi mnaijua, kwa hiyo nitaigusa tu. Tarehe 27 Septemba 1983 Richard Stallman, akiwa katika maabara ya akili bandia ya MIT, alitangaza GNU, mradi wa kujenga mfumo endeshi huria. Miaka miwili baadaye ikaundwa Free Software Foundation, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Madai ya harakati hii ni manne: mtumiaji awe huru kuendesha programu kwa shughuli yoyote, kuisoma na kuibadilisha, kuigawa kwa wengine, na kuigawa ikiwa na mabadiliko yake mwenyewe. Linus Torvalds aliitangaza Linux mwaka 1991 na mwaka uliofuata akaiweka chini ya GPL.

Leseni hizi zina nguvu ya kweli pale wajitoleaji wanapokuwa tayari kuzitumia. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun Microsystems na kwa njia hiyo ikawa mmiliki wa OpenOffice, programu huria za ofisi. Wachangiaji wengi walihofia hatima ya kazi yao. Mwezi Septemba mwaka huohuo wakajitenga, wakaanzisha The Document Foundation na kuendelea na msimbo uleule kwa jina la LibreOffice. Hawakuhitaji ruhusa ya mtu, maana leseni ilikuwa imeshawapa haki hiyo. Lakini leseni peke yake isingeandika hata mstari mmoja wa LibreOffice. Walioiweka hai ni watu waliokaa chini kupanga upya seva, kukusanya tafsiri na kujibu taarifa za hitilafu, juma baada ya juma.

Harakati zimefika hadi bungeni. Kwa miaka kadhaa wajitoleaji barani Ulaya walipinga pendekezo la sheria ambalo lingefungua njia ya kutoa hataza kwa mawazo ya programu za kompyuta. Waliwaandikia wabunge, wakasafiri hadi Brussels na Strasbourg kwa gharama zao, wakafafanua jambo la kitaalamu kwa lugha ambayo mwanasheria na mfanyabiashara mdogo wanaielewa. Tarehe 6 Julai 2005 Bunge la Ulaya lililikataa pendekezo hilo kwa kura 648 dhidi ya 14. Tangu 2017 wanaharakati wa huko wanaendesha kampeni nyingine yenye dai jepesi kueleweka: programu iliyotengenezwa kwa fedha za umma, msimbo wake uwe mali ya umma. Dai hilo lingefaa kusikika Dodoma na Nairobi pia.

Kujitolea chini ya kanuni

Kwetu kuna dhana kwamba kazi ya kujitolea haihitaji utaratibu, kwamba moyo unatosha. Debian ni ushahidi wa kinyume chake. Ian Murdock aliianzisha Agosti 1993, na hadi sasa ni kazi ya wajitoleaji, haimilikiwi na kampuni yoyote. Ina mkataba wa kijamii uliopitishwa 1997, katiba, na uchaguzi wa kiongozi kila mwaka. Anayetaka kuwa mwanachama kamili huthibitishwa na wanachama waliopo, na kwa desturi watu hukutana ana kwa ana ili kuthibitishiana funguo zao za umma za kidijitali. Mkutano wao wa mwaka ulifanyika Cape Town mwaka 2016.

Kifungu kimoja cha katiba hiyo kinanivutia zaidi. Kinasema kwamba hakuna anayelazimika kufanya kazi ya mradi. Aliyepewa jukumu asilolitaka anaweza kuliacha, ilimradi asihujumu kanuni na maamuzi halali ya mradi. Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni njia ya uvivu. Mimi naiona kama njia ya ukweli: mtu aliyechoka ana mlango wa heshima wa kutokea, na jina lake likiondoka kwenye orodha wenzake wanajua pengo liko wapi. Vikundi vyetu vingi hufa kwa sababu hakuna anayethubutu kusema amechoka. Anakaa kimya, kazi inakaa kimya pamoja naye, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka neno la siri la seva.

Afrika Mashariki

Hatuanzi sifuri, na ni vizuri vijana wakalijua hilo. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Mwaka 2006 OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, na wataalamu wa hapo walikuwa miongoni mwa walioujenga. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, kundi dogo la Wakenya na marafiki zao, wakiwemo Ory Okolloh na David Kobia, lilitengeneza Ushahidi ili wananchi waripoti kwa simu yaliyokuwa yakitokea. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, programu hiyo ilitumika huko, na Wahaiti waliotawanyika ughaibuni walijitolea kutafsiri ujumbe wa simu kutoka Kikrioli ili waokoaji wauelewe. Dar es Salaam nayo ilipata Ramani Huria kuanzia 2015: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe, walipita mitaani wakichora mitaro, nyumba na vichochoro kwenye OpenStreetMap ili maeneo yanayofurika yajulikane.

Kila moja ya kazi hizo inazeeka. Mtaro huzibwa, nyumba hujengwa, na ramani isiyorudiwa huanza kudanganya. LibreOffice hutoa matoleo mawili makubwa kila mwaka, na kila toleo huja na sentensi mpya; tafsiri isiyofuatwa hubaki vipande, menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na mtumiaji aliyekata tamaa huirudisha kompyuta kwenye Kiingereza. Kisima kinachimbwa mara moja, ila lazima kizibuliwe kila msimu.

Nikae kidogo kwenye tafsiri, kwa kuwa hapo ndipo tunaweza kutoa kitu ambacho wengine hawana. Mwandishi wa programu anayefikiri kwa Kiingereza huandika sentensi moja yenye pengo, kisha kompyuta ikajaza pengoni jina la kitu chochote kilichofutwa. Kitenzi cha Kiingereza hakibadiliki. Sisi lazima tuseme faili limefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa, picha imefutwa. Mfasiri akipewa sentensi ile moja hana njia ya kuwa sahihi. Mjitoleaji mzuri haridhiki na kukisia. Anafungua taarifa ya hitilafu, anaeleza ngeli zinavyofanya kazi, na anaomba sentensi itenganishwe kwa kila aina ya kitu. Akikubaliwa, ametengeneza njia kwa Kiganda, Kinyarwanda, Kizulu na lugha nyingine za Kibantu zenye shida ileile. Huo ni mchango wa kiufundi kamili, na anayeutoa anaweza kuwa mwalimu wa Kiswahili ambaye hajawahi kuandika hata mstari wa msimbo. Mashine za kutafsiri zimerahisisha rasimu ya kwanza, ndiyo, lakini bila msomaji wa pili anayeijua lugha zinajaza programu zetu maneno yasiyosemwa na mtu yeyote.

Nani analipia?

Aprili 2014 dunia ilishtushwa na Heartbleed, kasoro katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Ndipo watu wakafahamu kwamba mradi huo ulikuwa na mtu mmoja tu wa kudumu na ukipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kampuni kubwa zilichanga fedha baada ya aibu hiyo, kupitia Linux Foundation. Miaka kumi baadaye, xz ikaonyesha kwamba somo halikuwafikia watu wote.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: kujitolea kusigeuzwe kisingizio cha kutolipa. Mwanafunzi anayekagua tafsiri usiku kwa bando alilolinunua kwa pesa yake ya chakula hapaswi kuwa nguzo ya mfumo wa hospitali au wizara. Taasisi inayotumia programu huria imeokoa ada ya leseni. Ni haki sehemu ya akiba hiyo irudi kwa wanaoitunza programu hiyo, kwa fedha au kwa saa za kazi za wafanyakazi wake. Njia ya saa za kazi naipenda zaidi kwa nchi zetu, kwa sababu ujuzi hubaki nyumbani. Mfanyakazi wa TEHAMA anayeruhusiwa kila wiki kusoma taarifa za hitilafu za mfumo anaoutumia, kujaribu toleo jipya kabla halijasambazwa na kurudisha marekebisho yake kwa waandishi, huinuka kitaaluma kuliko kwa mafunzo mengi ya hotelini.

Ndugu washiriki, ninayo maombi mawili. Kwenu wanafunzi: chagueni programu moja mnayoitumia kweli, mjiandikishe kama watunzaji wa sehemu yake ndogo, na siku mtakapochoka mseme mapema na kumwachia mwingine funguo. Kwenu wakuu wa idara na taasisi: kila mmoja amtaje mfanyakazi mmoja, ampe nusu siku kwa wiki ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya utunzaji wa programu huria moja, na aliandike jukumu hilo kwenye majukumu yake rasmi. Naomba ombi hili la pili liingizwe kwenye maazimio ya semina hii, na majina yawasilishwe kabla hatujaachana leo.