Malalamiko Bila Daftari
Mazungumzo na watumiaji wa huduma za televisheni wa Kasulu na Kibondo



Nataka tuzungumzie jioni moja ambayo wengi wenu mnaijua. Mtu amelipia kifurushi cha mwezi, familia imekusanyika, taarifa ya habari inaanza, na ghafla picha inaingia chenga, inaganda, kisha kioo kinatangaza kwamba hakuna mawimbi.

Niruhusuni nianze na yaliyonipata mimi mwenyewe nilipokuwa nikiishi Kibondo. Mvua za Novemba zilipopamba moto, televisheni yangu ilianza kukatika, na mvua ilipokwisha haikurudi. Nikapiga simu kwa mtoa huduma, nikasikiliza muziki mpaka salio likaisha. Siku ya pili nikaambiwa nizime king'amuzi, nisubiri, kisha niwashe. Siku ya tatu sauti nyingine ikaniambia hayo hayo, kwani haikuwa na habari za jana. Wakala akaniahidi fundi kutoka Kigoma mjini, fundi hakutokea. Nikaita fundi wa mtaani, akapanda juu ya bati, akageuza dishi, akapokea ujira wake. Picha ikarudi siku mbili. Nikamlipa fundi wa pili. Wakati huo kifurushi kilikuwa kinahesabu siku zake kimyakimya, na kilipokwisha nikalipia kingine.

Mwishowe ilibainika kwamba kiunganishi cha waya kwenye dishi, kilichofungwa na mtu wa wakala siku ya kwanza, kilikuwa kimeingia maji. Nilipokwenda kudai siku zangu nilizozipoteza niliulizwa maswali matatu. Ulitoa taarifa lini? Ulizungumza na nani? Ulipewa namba gani ya malalamiko? Sikuwa na jibu hata moja. Na kwa kuwa mafundi wawili walikwishagusa dishi, niliambiwa huenda kosa ni langu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nawaambia, malalamiko nayo ni mali.

Lakini kabla hujalalamika, ujue kwanza ugonjwa uko wapi. Zamani za analojia mawimbi yalipofifia, picha ilififia nayo taratibu. Uliweza kutazama mpira katikati ya mchele mweupe. Zama hizo zilianza kufungwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata. Dijitali ina tabia nyingine: picha hubaki safi kabisa hadi mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, halafu huvunjika mara moja. Kwa hiyo picha nzuri ya jana haithibitishi kwamba dishi lako limefungwa vizuri. Huenda lilikuwa ukingoni tangu mwanzo. Fungua menyu ya king'amuzi, tafuta ukurasa unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, na uandike namba unazoziona siku picha ikiwa njema. Siku ya tatizo utakuwa na cha kulinganisha.

Kisha muulize jirani anayetumia huduma ileile. Naye akikosa picha, hitilafu ni ya mtoa huduma, na hakuna sababu ya mtu kupanda juu ya paa lako. Kwa wale wa mijini waliounganishwa na televisheni ya kebo, swali hili ndilo la kwanza kabisa, kwa maana waya mmoja hulisha nyumba nyingi.

Kama picha hupotea mvua kubwa inaponyesha na kurudi inapokatika, hilo ni jambo la maumbile. Satelaiti ziko juu ya ikweta, umbali wa takribani kilomita 36,000, na matone mazito ya mvua hunyonya mawimbi yake njiani. Dishi lililoelekezwa barabara hupunguza adha hiyo, ila haliimalizi. Msilipe fundi kwa kosa la wingu. Lakini kama picha imegoma hata jua likiwaka, shukuni mwelekeo wa dishi, waya, au kiunganishi kilichoingia maji. Kama imegoma baada ya radi au umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, huenda king'amuzi kimeungua. Chomoeni nyaya mnaposikia ngurumo. Na zikikosekana chaneli chache tu, kagueni kwanza kifurushi mlicholipia.

Wanaotumia antena ya kawaida wana suala lao. Antena hupokea kutoka mnara ulio ardhini, na nchi yetu hii ni ya milima na mabonde. Kilima kikisimama kati ya nyumba na mnara, hakuna fundi atakayekihamisha. Basi kabla ya kununua king'amuzi cha antena, mtembelee jirani aliye bonde moja nawe, uone anapata nini. Muuzaji aliyeko mjini hawezi kukujibia swali hilo.

Sasa tuje kwenye daftari. Tengeni ukurasa mmoja tu. Andikeni tarehe na saa tatizo lilipoanza, hali ya hewa, na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Mpigapo simu, ulizeni jina la anayewahudumia na mwombe namba ya malalamiko. Msikate simu bila kuipata. Piga picha kioo kwa simu yako. Tunza risiti ya king'amuzi, ya ufungaji na ya kila malipo. Tena usimruhusu mtu mwingine kugusa dishi kabla mtoa huduma hajapata taarifa. Fundi yeyote akija, akuandikie alichokikuta na alichokitengeneza.

Barua nayo isiwaogopeshe. Inatosha kusema hivi: "Mimi ni mteja mwenye kadi namba kadhaa. Tangu tarehe fulani sipati huduma niliyoilipia. Nilitoa taarifa tarehe fulani na kupewa namba hii. Naomba mtengeneze tatizo na kunifidia siku nilizokosa huduma. Nawaomba mnijibu kwa maandishi." Peleka kwa wakala, baki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea.

Mtoa huduma ndiye wa kwanza kulalamikiwa. Ngazi hiyo hairukwi. Asipotatua, au jibu lake lisikuridhishe, peleka nakala zako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria hiyo ndiyo iliyounda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kutetea maslahi ya watumiaji na kupokea maoni yao. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka ana njia ya kukata rufaa mbele ya Baraza la Ushindani. Katika kila ngazi mtaulizwa yale yale niliyoulizwa mimi: lini, nani, namba gani.

Ndugu zangu, najua wapo watakaosema, hili ni jambo dogo, ni televisheni tu. Lakini fedha ya kifurushi hutoka kwenye mahindi na maharage yaleyale yanayolipa ada na dawa. Mwenye kupoteza siku kumi za huduma kila mwezi, mwaka ukiisha amepoteza miezi minne aliyoilipia. Mimi nilinyamaza na hasara yangu kwa kuwa sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Ninyi msiondoke hapa bila kuazimia kununua daftari. Na ukurasa wake wa kwanza uandikwe leo, picha ikiwa bado nzuri.